Mama Mkwe Juu ya Kompyuta

Mimi ni mtu niliyehudhuria mikutano kwa miaka mingi bila kujua kwamba nina mwili. Nilikuwa nikiingia ukumbini, nikiketi kiti cha nyuma karibu na mlango, nikikubali yale yaliyokubaliwa na wengi, kisha nikitoka na daftari lisilo na neno. Mwili wangu ulinifuata kama kivuli. Haukuulizwa chochote na haukujibu chochote. Tangu mikutano ihamie kwenye kompyuta, nimegundua kwamba nina uso, shingo, mabega mawili yasiyolingana, mikono isiyo na pa kwenda, na sauti ambayo, kwa mujibu wa mkufunzi aliyeletwa kutunoa, haina tabasamu ndani yake. Sikuwa najua kwamba sauti hutakiwa kuwa na tabasamu. Nilidhani inatosha iwe na maneno.

Mafunzo yenyewe yalichukua saa tatu na yalifanyika kwa njia ya video. Mkufunzi alikuwa ameketi dirisha likiwa nyuma yake, na kwa kuwa kamera ikikutana na mwanga mkali hupunguza mwanga wa picha nzima, sisi tuliona umbo jeusi kama mkaa likitueleza umuhimu wa kuonyesha hisia usoni. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Tulikaa saa tatu tukifundishwa kutabasamu na mtu asiye na uso, na mpaka leo nikikutana naye njiani nitampita kama nisiyemjua, si kwa kiburi, bali kwa sababu kweli simjui. Hata hivyo nilijifunza kuketi nikilielekea dirisha badala ya kulipa kisogo, nalo ndilo somo pekee la siku ile ambalo bado halijanitia hasara.

Kabla dakika ya kumi haijatimia, umbo lile lilitangaza kwamba katika mawasiliano maneno ni asilimia 7 tu, sauti ni asilimia 38, na uso pamoja na mwili ni asilimia 55. Nilihuzunika sana, maana usiku uliotangulia nilikuwa nimekesha nikiandaa hiyo asilimia 7. Baadaye nilisoma kwamba hesabu hiyo imetokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967, ambamo watu walipewa neno mojamoja lililotamkwa kwa namna mbalimbali, na nyuso za kwenye picha, wakaulizwa kama msemaji anaonyesha kupenda au kutopenda. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu mtu anayezungumzia hisia zake, wala si kila mazungumzo. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuiamini, na siku iliyofuata nikajaribu kuwasilisha taarifa ya robo mwaka kwa nyusi zaidi kuliko maneno. Mhasibu aliniandikia faraghani kuniuliza jino linaloniuma ni la juu au la chini.

Nianze sasa na macho, kwa kuwa ndiyo yaliyonichosha kuliko kiungo kingine chochote. Tumeagizwa tutazame kamera wakati wa kuzungumza, ili anayetusikiliza ahisi kwamba tunamtazama yeye. Agizo hili lina mantiki, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kamera ya kompyuta yangu ni kitundu kisichozidi kichwa cha pini, kilichopachikwa juu ya skrini, ilhali nyuso za watu ziko chini yake; hivyo nikimtazama mwenzangu usoni yeye huniona nimeinamisha macho kama mdeni aliyekutana na mdai wake mlangoni, na nikitaka anione namtazama sina budi kuacha kumtazama. Kadiri ninavyoonekana kumwona ndivyo nisivyomwona. Wahenga walisema macho hayana pazia, nami nakubaliana nao, ila hawakusema kwamba siku moja tutaambiwa tuyatumie kukodolea kitundu.

Niliwahi kulitii agizo hilo kikamilifu. Nilieleza mpango wa kupunguza mafaili ya zamani kwa dakika sita mfululizo, macho yangu yakiwa yamegandana na kamera, na nilijisikia kama mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Niliposhusha macho nikakuta mkuu wangu wa idara ameinua mkono, naibu wake ameinua mkono, na mtu wa tatu amebonyeza kile kialama cha mkono wa njano, na wote watatu walikuwa wakijaribu kunieleza tangu dakika ya kwanza kwamba mpango huo ulikwisha kupitishwa wiki iliyopita. Walisema nilionekana mwenye kujiamini sana, kiasi kwamba waliona vibaya kunikatiza.

Mtu asidhani kwamba mateso haya ni mapya. Mwaka 1964 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani iliwaonyesha watu waliofurika kwenye maonyesho makubwa ya New York chombo kilichoitwa Picturephone, yaani simu yenye picha, na mwaka 1970 ikaanza kuwauzia huduma hiyo wateja wa Pittsburgh. Huduma ilikuwa ghali, waliojiunga walikuwa wachache mno, na baada ya muda ikafifia. Wataalamu huihesabu kuwa biashara iliyoshindwa. Mimi naihesabu kuwa kura: watu waliulizwa kama wanataka kuonekana wakati wanapozungumza na simu, wakajibu kwa mifuko yao kwamba hawataki, kisha likaja jambo hilohilo kwa mlango wa uani na sisi hatukuulizwa tena.

Baada ya macho ya wengine kuna balaa la kujiona mwenyewe. Katika maisha ya kawaida uso wangu ni mali ya watu wengine. Wao ndio wenye kuutazama, nami kazi yangu ni kuubeba tu. Kwenye mkutano wa video nimewekewa kidirisha changu pembeni, na humo nimemkuta mtu mmoja mzee kidogo kuliko nilivyotarajia, ambaye akisikiliza jambo kwa makini huonekana kama anayenusa kitu kinachoungua. Sikuwa na habari kwamba huo ndio uso wangu wa usikivu. Nimefikiria watu wote walionieleza siri zao kwa miaka yote hii huku wakitazama uso ule, nikaelewa kwa nini walikuwa wakizifupisha.

Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika makala akitaja sababu nne zinazofanya mikutano hii ichoshe: nyuso kubwa zinazotukodolea kwa karibu mno, kujitazama wenyewe muda wote, kukaa pasipo kujongea, na juhudi ya ziada ya kutuma na kusoma ishara ambazo ana kwa ana hupita zenyewe. Niliposoma nililia kidogo, kama mgonjwa aliyetajiwa jina la ugonjwa wake. Ushauri wake mmoja ni kukificha kile kidirisha cha kujiona baada ya kuhakikisha kwamba umekaa vizuri. Nilikificha, na nikastarehe kweli. Nilistarehe kiasi cha kusahau kwamba kukificha kwangu hakukuwafichia wenzangu, nikachokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu kwa muda wa ajenda mbili kamili, pamoja na ile iliyohusu nidhamu kazini.

Kuhusu nyuso kubwa, nilikumbuka kwamba Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, mwaka 1966 aliandika kuhusu umbali ambao watu huuweka baina yao, akasema kwamba chini ya sentimita 45 hivi ni eneo la mpenzi, mtoto na mtu unayepigana naye mieleka. Sasa katika mkutano wa asubuhi uso wa mkaguzi wa hesabu huja mbele yangu ukiwa umejaa skrini nzima, vinyweleo vyote vikihesabika, nami sijawahi kumpenda, kumzaa wala kupigana naye mieleka, ingawa la tatu nimelifikiria. Dawa yake ni kulipunguza dirisha la mkutano na kusogeza kiti nyuma. Nilisogeza kiti nyuma mpaka mabega na mikono yangu vikaonekana vizuri, kama tulivyoelekezwa, na hapo ukuta wa chumba nao ukaonekana, pamoja na kamba ya nguo.

Kamera nayo inataka iwe usawa wa macho. Kompyuta mpakato ikiwekwa mezani kama ilivyoumbwa kuwekwa, kamera yake hutazama juu, na wenzako hufanya mkutano na matundu ya pua yako. Nimepandisha yangu juu ya kamusi tatu, ambazo ni vizuri zimepata kazi, lakini sasa vibonyezo viko karibu na kidevu changu, na kila nikitaka kuandika jambo nanyanyua viwiko kama kuku anayejiandaa kuruka uzio. Nilielezwa kwamba ninunue kibodi ya pembeni. Hili ni jambo ambalo limenishangaza katika elimu hii yote: kila ishara ya mwili ina kifaa chake kinachouzwa.

Mikono nayo ina sheria zake. Isikae chini ya meza, maana mtu asiyeonyesha mikono huonekana mficha mambo. Isipite mbele ya uso. Isiende kasi, maana picha inayosafirishwa kwenye mtandao dhaifu haipendi kitu kinachokimbia, hukigeuza ukungu. Ikae usawa wa kifua, ndani ya fremu, ikitembea polepole kama inayopapasa samaki majini. Nilizishika sheria zote. Lakini kwa ajili ya ile kamba ya nguo nilikuwa nimewasha kile kitu cha kutia ukungu mandhari ya nyuma, na programu hiyo hukisia yenyewe kipi ni mtu na kipi ni ukuta. Nilisema kwamba tuna sababu tano za kuomba muda zaidi, nikanyoosha vidole vitano kwa madaha, programu ikavihukumu vitatu kuwa ni ukuta. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu sababu mbili. Nilipolalamika akasema yeye ameandika alichokiona, kwani si tumefundishwa kwamba mwili una asilimia 55?

Kisha kuna kuitikia kwa kichwa. Katika chumba halisi msikilizaji huguna, husema naam, hupumua kwa nguvu, na msemaji hujua kwamba hayuko peke yake. Kwenye video sisi wote tumezima maiki, na msemaji huzungumza mbele ya miraba 20 iliyokufa kimya. Kwa hiyo tumeagizwa tuitikie kwa vichwa, tena kwa namna inayoonekana, kwa sababu katika mraba mdogo mwitiko mdogo haufiki. Nilipoanza nilipendeza. Msemaji alichangamka, akawa ananitazama mimi tu, au alikitazama kitundu chake, sina hakika, nami nikazidi kumwitikia kwa huruma. Mwisho wa mkutano mwenyekiti alisema: "Nimefurahi kuona kuna mwenzetu mmoja aliyekubali kwa moyo wote kuiongoza kamati ya kupanga upya ghala." Sasa ni mwezi wa tatu niko ghalani. Nimejifunza kuitikia kwa kuinamisha kichwa upande, ishara ambayo kisheria haimaanishi lolote.

Sauti ndiyo niliyodhani kuwa ninaimudu, maana nimeitumia tangu kuzaliwa na hakuna aliyewahi kuirudisha. Kumbe napiga kelele. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizingirwa na kelele hupaza sauti bila kujitambua, na jambo hilo limebaki na jina lake mpaka leo. Mimi hupaza sauti hata chumba kikiwa kimya, kwa kuwa moyoni naamini kwamba aliye mbali hasikii vizuri, ingawa maikrofoni iko karibu na midomo yangu na haijali kama anayesikiliza yuko chumba cha pili au ng'ambo ya bahari. Nikivaa hedifoni zinazoziba masikio hali huzidi, kwa sababu sijisikii vizuri na huongeza nguvu. Mke wangu anazijua ajenda zote za idara yetu. Majirani, nadhani, wanajua zile za dharura.

Nikaambiwa nipunguze kasi na nitue. Mkufunzi alisema kwamba mtuo humpa msemaji mamlaka: unasema jambo zito, unanyamaza sekunde mbili, watu wanalitafakari. Nilisema jambo zito, nikanyamaza sekunde mbili, na watu watatu wakauliza kwa pamoja kama nimekatika. Niliwajibu kwamba sijakatika bali natua. Wakasema hawanisikii vizuri, nitoke kwenye mkutano na kuingia upya. Nikatoka nikaingia upya, na jambo langu zito likawa limepitwa na ajenda.

Tatizo hili la ukimya lina chanzo ambacho hakitokani na tabia za watu. Utafiti wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika mazungumzo ya kawaida pengo kati ya msemaji mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni kama sehemu mbili ya kumi ya sekunde kwa wastani, pungufu ya muda wa kupepesa jicho mara mbili. Sasa sauti yangu ikisafiri kwenye intaneti hutumia muda wake njiani, na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano hushauri kwamba safari hiyo ya upande mmoja isizidi milisekunde 150. Ikizidi mno, ule mdundo wa kupokezana zamu huvunjika. Mimi naona umenyamaza, naanza. Wewe uliona nimenyamaza, umeanza. Tunasimama wote, tunasema "endelea wewe" kwa pamoja, tunanyamaza kwa pamoja, tunaanza tena kwa pamoja. Kuna mwenzangu mmoja ambaye tumekuwa tukipeana nafasi namna hiyo tangu mwaka juzi, na sijui mpaka leo alitaka kusema nini. Mwaka 2014 watafiti walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba ucheleweshaji wa mtambo watu huubandika kwa binadamu: mtu ambaye sauti yake inachelewa huonekana hana usikivu. Kwa maneno mengine, nalipia waya kwa heshima yangu.

Lile tabasamu la sauti, nakiri, lipo kweli. Midomo ikitanuka njia ya sauti hufupika kidogo, mlio hubadilika, na sikio hulitambua tabasamu hata bila kuuona uso. Nililifanyia mazoezi bafuni wiki nzima mpaka likakaa. Bahati mbaya taarifa ya kwanza niliyopangiwa kuitoa baada ya mazoezi hayo ilikuwa ya kuwajulisha wenzangu kwamba mafaili yao ya mwaka mzima yamefutika na hayana nakala. Niliitoa kwa sauti changamfu yenye joto, macho kwenye kamera, mikono usawa wa kifua. Watu walicheka sana, wakanipigia makofi. Nililazimika kuwaandikia barua.

Ushauri wa mwisho wa mkufunzi ulikuwa huu: anayeshindwa kukitazama kitundu na abandike kando yake picha ya mtu anayempenda, ili macho yapate mwenyeji. Nilitafuta picha nyumba nzima. Mke wangu katika picha zake zote anatazama upande, watoto wamefumba macho, na picha pekee iliyokuwa na ukubwa unaofaa na macho yanayotazama mbele pasipo kuyumba ilikuwa ya pasipoti ya mama mkwe, aliyotuachia ili tumjazie fomu fulani. Niliibandika juu ya kompyuta, sentimita mbili kutoka kwenye kamera.

Sijawahi kuona mafunzo yakifanya kazi kwa kasi kama hiyo. Mgongo ulinyooka wenyewe. Sauti ilishuka, ikawa laini na yenye kuomba radhi. Mikono ilitoka chini ya meza ikafumbatana mbele ya kifua, mahali palepale sheria inapotaka. Niliacha kuwakatiza watu. Mkuu wa idara aliponiuliza kazi ya ghala itakwisha lini, nilifungua kinywa kusema wiki ijayo kama kawaida yangu, nikakutana na macho yale, nikajikuta nasema ukweli. Baada ya mkutano alinipigia simu akasema kwamba katika miaka yote hajawahi kuniona nikiwa na unyenyekevu wa namna ile, na akaniomba niwafundishe wenzangu siri yake.

Ningebaki hivyo mpaka kustaafu, lakini mwezi uliopita mama mkwe alikuja kututembelea, akaingia chumbani kunisalimu, akajiona juu ya kompyuta. Alisimama kimya muda mrefu. Nilijiandaa kueleza habari za kamera, usawa wa macho na Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema, "Mwanangu, sikujua kwamba unaniweka mahali pa juu namna hii." Nikasema, "Ndiyo, mama." Ningesema nini kingine?

Siku ya kuondoka aliniletea picha yake nyingine, kubwa, iliyopigwa studio, imetiwa fremu na kioo, akaisimamisha mwenyewe juu ya kompyuta kwa mikono yake miwili na kuiondoa ile ndogo, ambayo bado anaihitaji kwa ajili ya fomu. Fremu hiyo inafunika kamera yote. Kuisogeza siwezi, kwa kuwa mke wangu hupita kila asubuhi kuifuta vumbi. Mikutano mitatu sasa imefanyika wenzangu wakiona giza tupu mahali pangu na kusikia sauti ya mtu mwenye adabu ikitoka humo, na jana mkuu wa idara ameniandikia rasmi kuuliza kama kamera yangu imeharibika na ni lini itatengenezwa. Nimemjibu kwamba ni suala la kifamilia.